Nyundo ya Ijumaa

Flashi yangu aliivunja wiki yangu ya kwanza kazini, wala hakuniuliza ndani kuna nini. Aliikuta imechomekwa kwenye kompyuta, akaichomoa, akailaza kwenye ukingo wa dirisha, akatoa nyundo kwenye mkoba wake na kuipiga pigo moja. Kipande kiliruka kikaangukia barabarani. Ndani mlikuwa na mwongozo wa injini ya boti niliokuwa naumalizia, na picha za harusi ya dada yangu, ambazo dada ananiuliza hadi leo. Nikasimama. Mimi nami nina hasira zangu, waulize watu wa kwetu. Nikamwambia hana akili. Akanizaba kofi la kisogoni, lile la mama mzazi, halafu akaniuliza kwa utulivu kabisa: nikigongwa na bodaboda jioni hii nikielekea nyumbani, na flashi iko mfukoni mwangu, nani atamaliza ule mwongozo?

Nikarudi kitini. Nilikuwa na kisogo kinachowaka moto, na wenzangu wamejiinamia mezani wanajifanya wanaandika.

Tulimwita Madam. Ofisi nyingi za hapa Mwanza zina Madam wao, lakini wetu hakuwa wa kukaa kwenye kiti akisaini karatasi. Alikuwa mhariri mkuu wa ofisi yetu ndogo, ghorofani, juu ya duka la vipuri, ambako kazi yetu ilikuwa kuandika miongozo ya mashine. Mashine inakuja kutoka nje na kijitabu chake cha Kichina au Kiingereza. Sisi tunakaa nayo, tunaiwasha, tunaizima, tunaandika kwa Kiswahili namna ya kuitumia ili isimle mtu. Injini za boti, mashine za kusaga barafu za viwanda vya samaki, mashine za kuchambua pamba. Ni kazi isiyo na sifa. Watu husoma mwongozo mashine ikishawauma.

Nimesikia watu wakimsimulia kama kichaa, na wengine kama mtakatifu, na wote nawashangaa. Mimi namkumbuka kwa sababu ya mkono wa mtu mmoja wa Misungwi, mkono wa kulia, na siwezi kumwelezea Madam bila kufika hapo. Lakini kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani.

Alikuwa na mkono mwepesi. Alipiga meza, alipiga milango, alipiga printa iliyogoma mpaka ikakubali. Mimi alinipiga kwa mwongozo uliokunjwa, kwa rula, na siku moja kwa kandambili, na mimi ni mtu mzima mwenye watoto. Kuna bwana alikuja kutuuzia programu ya kuhifadhi kazi mtandaoni. Madam akamuuliza swali moja tu: mtu akifuta faili kwa bahati mbaya upande huu, upande ule nao unafuta? Yule bwana akasema ndiyo, na ndiyo uzuri wake, pande zote zinakwenda sawa. Madam akamwambia huo si uzuri, huo ni msiba unaosafiri, akamsukuma ngazini na kumsindikiza kwa viganja hadi chini. Jumapili, huyohuyo, aliimba sauti ya pili kanisani kwao Buhongwa, laini mpaka watu wanatafuta leso. Nilikwenda kumsikiliza mara moja kwa kutoamini. Niliondoka nimechanganyikiwa zaidi.

Sheria zake hazikuwa nyingi. Kila kitu kikae kwenye folda ya pamoja, iliyokuwa kwenye kisanduku cheusi pembeni ya ofisi, ambacho wote tulikifikia kwa kompyuta zetu. Kila Jumatano jioni folda hiyo inanakiliwa kwenye diski ya akiba. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, Madam mwenyewe anainakili tena kwenye diski nyingine na kuifungia kwenye droo yake. Na faili ina jina moja tu. Ole wako uandike "mpya", au "mpya kabisa", au "ya mwisho", halafu wiki inayofuata "ya mwisho kweli". Mtu ana jina moja, alisema, hata akinenepa. Ukirekebisha ukurasa unarekebisha humohumo, na jina linabaki lilelile.

Halafu kulikuwa na Ijumaa. Baada ya chakula cha mchana Madam alipita katikati ya meza na nyundo mkononi, nyundo ya kawaida ya seremala, mpini umeviringishwa mpira wa baiskeli, akiuliza, "Leo nani anakufa?" Akisimama kwako, umekufa. Unanyanyuka, unaacha kompyuta kama ilivyo, unakwenda kukaa kwenye benchi la dirishani, na kuanzia hapo huongei. Mwenzako wa meza ya jirani anapewa kompyuta ya pembeni, tuliyoiita mochwari, na kazi yake ni kufufua kazi yako yote kutoka kwenye diski ya akiba bila kukuuliza neno, kwa sababu maiti haongei. Akimaliza, Madam anahesabu kurasa. Zikitimia, anamgeukia aliyekufa na kumwambia, "Umefufuka. Nenda nyumbani." Zisipotimia mnabaki wote, na nyundo inagonga meza mpaka zitimie.

Tuliichukia Ijumaa. Mwenzetu mmoja alikuwa akiugua tumbo kila Alhamisi jioni. Na bado, ukiwa umekufa, Madam alikuletea karanga za kukaanga kutoka kwenye mkoba uleule wa nyundo, akakumiminia kiganjani bila kukutazama, utafune wakati unasubiri. Sijui mtu wa namna hiyo mnamwitaje. Ninachojua ni kwamba masika moja paa lilivuja, kompyuta za upande wa ziwani zikaungua zote, na hatukupoteza hata ukurasa. Majirani zetu wahasibu walilia kama wako msibani.

Nilimwogopa, lakini siku niliyomwogopa kuliko zote hakuwa ananipiga mimi. Kibaka alimpora mwenzetu mkoba wenye kompyuta hapo chini, mchana kweupe. Hakufika mbali. Tulichungulia dirishani: wenye nondo, wenye mawe, mmoja ameshakwenda kutafuta tairi. Madam akashuka na nyundo yake. Watu wakampisha wakidhani amekuja kusaidia kuua, naye akaanza kuwapiga wao. Mmoja wao alivunjwa mfupa wa bega. Akasimama juu ya yule kibaka, ambaye uso ulikuwa umeshapasuka, akawa anazungusha nyundo na kusema atakayesogea atamtanguliza. Alisimama hivyo hadi polisi wakafika. Walipokuwa wanampakia kibaka garini, akamfuata, akamzaba kofi kwenye uso uleule uliopasuka. Ngazini nilimuuliza kwa nini amemwokoa kama alikuwa bado anataka kumpiga. Alinitazama kama mjinga. Akasema kofi linapona.

Kitu kingine kilichonisumbua ni vita yake na kurasa za zamani. Mtu anayekulazimisha uweke nakala juu ya nakala, huyohuyo alikwenda hadi Kisesa, hadi Magu, kuchana nakala kwenye kuta za viwanda. Tukitoa toleo jipya alilipeleka mwenyewe, akabandua la zamani na kulichanachana mbele ya wafanyakazi. Akikuta lipo kwenye flashi ya mtu, nyundo. Mlinzi mmoja wa kiwanda cha samaki alimfungulia mbwa, na Madam akarudi ofisini na paja lililochanika na ukurasa mkononi. Nilimuuliza: sasa Madam, tuzitunze nakala au tuziue? Akasema nakala inaokoa na nakala inaua, na kazi yangu ni kujua ipi ni ipi, na nikikosea atanivunja vidole. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sasa ule mkono.

Msimu wa pamba ulikuwa unakaribia, na kiwanda kimoja cha Misungwi kilikuwa kinafunga mashine mpya ya kuchambua. Mwongozo niliuandika mimi. Ukurasa wa kusafisha misumeno, pale pamba inapokwama, ulisema: zima mashine, subiri misumeno isimame, ondoa pamba kwa mkono. Alhamisi, nikiwa nausoma upya, moyo ukanishtuka. Mashine ile ni ndefu, aliye upande wa pili hamwoni aliye upande huu. Nikaongeza maneno: chomoa ufunguo wa swichi, utie mfukoni mwako. Nikauhifadhi kwenye folda ya pamoja, jina lilelile, kama sheria inavyotaka. Madam aliusoma akasema vizuri, neno ambalo sikuwa nimewahi kulisikia kinywani mwake.

Ijumaa nikafa mimi. Nikaenda kwenye benchi, nikapewa karanga zangu. Aliyepangiwa kunifufua alikuwa mchoraji wetu, bwana mpole kutoka Ukerewe, ambaye nyundo ilimtoa jasho hata ikiwa ndani ya mkoba. Alichomeka diski ya akiba, ile ya Jumatano. Madam alisimama nyuma yake akigonga meza, ko, ko, ko, na kumwuliza kama anataka kulala hapo. Mchoraji alikuwa anaitazama nyundo kuliko kioo. Badala ya kuifungua kazi yangu kwenye mochwari, akaiburuta na kuidondosha kwenye folda ya pamoja. Kompyuta ikauliza kama ifute zilizopo iweke hizi. Kutoka benchini niliona kioo chote cha kompyuta. Nikanyanyuka, nikafungua mdomo.

"Maiti haongei," Madam akasema, na nyundo ikanielekea usoni.

Nikakaa. Mchoraji akabonyeza ndiyo.

Hivyo ndivyo ukurasa wa Jumatano ulivyorudi juu ya ukurasa wa Alhamisi, jina lilelile, bila alama yoyote. Kurasa zilihesabiwa zikatimia. Nilipofufuliwa nilimwambia mchoraji ngazini arudi aangalie ukurasa wa misumeno. Akapanda, akaangalia, akashuka akisema upo, na ufunguo wake umo. Kumbe ameuangalia kwenye kompyuta yangu mimi niliyekufa, ambako ulikuwa bado uko wazi tangu mchana. Wachapaji walichapa kutoka kwenye folda ya pamoja. Jumatatu ukurasa ukachapwa, ukaenda Misungwi, ukabandikwa ukutani kando ya mashine.

Fundi wa mashine ile alikuwa mtu mwenye mke na mtoto mchanga, na alikuwa mtu anayesoma. Hilo ndilo linaloniuma hadi kesho, kwamba alisoma. Pamba ilikwama, naye akafanya kama ukurasa ulivyomwambia. Akazima. Akasubiri. Akaingiza mkono. Mwenzake wa upande wa pili akaona mashine imenyamaza, akadhani umeme ulikatika na kurudi, akaenda kwenye swichi, akaukuta ufunguo uko mahali pake, akawasha. Misumeno ya pamba ni mingi, imepangwa kwenye mhimili mmoja. Mkono ulikwenda vipande vipande hadi juu ya kiwiko, na upande wa pili pamba ikaendelea kutoka, nyekundu, mpaka mtu mmoja alipokumbuka kuzima.

Habari ilitufikia mchana. Mchoraji alitapika kwenye ndoo ya kudekia. Madam alifungua folda ya pamoja, akausoma ule ukurasa, akakaa mbele yake hadi tukaondoka. Hakumpiga mtu siku hiyo. Ningeona afadhali angenipiga.

Kesho yake mwenye ofisi alituita. Alikuwa ameshaongea na watu wa kiwanda. Ukurasa wa ukutani walikuwa wameubandua na kuuchoma, na ule wa kwenye folda ya pamoja alikuwa ameshaagiza urekebishwe, una ufunguo. Kwa hiyo, alisema, mwongozo ulikuwa sahihi na fundi alikaidi. Mkaidi hana fidia, na ofisi haifungwi. Diski ya Jumatano nayo ilikuwa imeshanakiliwa upya. Kilichobaki ni diski ya Jumatatu, iliyokuwa na ukurasa kama ulivyochapwa. Alikuwa ameshaitoa kwenye droo ya Madam. Akaisukuma juu ya meza mpaka mbele ya Madam, akaishikilia kwa kidole, akaweka na nyundo pembeni.

"Si ndiyo kazi yako, kuvunja za zamani? Hiyo ni ya zamani. Vunja."

Tulikuwa tumesimama ukutani. Najua aliwaza, maana nilimwona anavyopumua. Akiivunja, yeye yuko salama na sisi sote tuko salama, na yule wa Misungwi anabaki mkaidi asiye na mkono. Akainua nyundo. Mwenye ofisi alikuwa bado ameishikilia diski isiteleze. Nyundo ikatua kwenye kidole chake cha shahada, na nikasikia mfupa.

"Hicho ni kidole," Madam akamwambia. "Yule amepoteza mkono."

Akaitia diski kwenye mkoba, akashuka ngazi. Mwenye ofisi alikuwa anapiga mayowe. Mimi nikamfuata Madam, sijui hata kwa nini, maana nilikuwa namchukia siku ile kuliko siku zote.

Fundi alikuwa bado hospitalini. Mke wake tulimkuta nyumbani, mtoto mgongoni, anasonga ugali wa kumpelekea. Madam akapiga magoti mlangoni, pamoja na unene wake, akasema yote, tangu mchezo wa Ijumaa wa kufa na kufufuka: kosa si la mumeo, wala si la aliyebonyeza, ni langu mimi, niliyemtisha mtu akiwa kazini na kumnyamazisha mwingine aliyetaka kusema, na ushahidi ni huu hapa. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akamshukia na mwiko, wa moto, wenye ugali, kichwani, usoni, mabegani, mpaka mwiko ukakatika. Madam aliweka mikono yake mapajani na hakuinua hata mmoja. Nilitaka kuingilia, akanikataza kwa jicho. Alama ya kuungua ilibaki chini ya sikio lake.

Diski ilifanya kazi yake, na fundi akapata fidia. Mwenye ofisi alifungua kesi ya kidole chake. Madam alikiri bila kubisha, akatumikia kifungo, akatoka, tukapotezana naye. Ofisi ilisambaratika. Mchoraji alirudi kwao, hataki kusikia habari za kompyuta. Mimi najitegemea, nina chumba changu Buhongwa, na siku hizi kila faili naipa tarehe kwenye jina lake. Nikifanya hivyo kisogo kinaniwasha.

Mwaka huu, Ijumaa moja, nilikwenda Misungwi kuandikia mwongozo mashine ya kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Walioniagiza waliniambia mwenye mashine ana mkono mmoja, na nikajua ni nani kabla sijafika. Alinipokea kwa adabu, bila tabasamu. Nyuma yake, mbele ya mashine, kulikuwa na mwanamke aliyepiga magoti kwenye magunia, amepungua, nywele zimekuwa nyeupe.

Nikamwamkia, "Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Umenenepa."

Ubavuni mwa mashine kulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu ya mafuta, ya mkono wake, nayajua: ZIMA. CHOMOA UFUNGUO, UTIE MFUKONI MWAKO. Yule bwana alinieleza kwa kifupi. Mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yanaganda ndani ya mdomo wa mashine, na kuyatoa kunataka mkono wa kushika kifuniko na mkono wa kuchokonoa, na yeye anao mmoja. Madam alipotoka gerezani alikuja kuomba hiyo kazi. Mke wake akamfukuza. Akarudi, akafukuzwa tena, akarudi tena. Sasa anakuja kila Ijumaa.

Madam akazima mashine, akachomoa ufunguo. Halafu, badala ya kuutia mfukoni mwake, akampa yule bwana, naye akaupokea na kwenda kusimama kando ya swichi. Madam akashika kifuniko kwa mkono wa kushoto. Wa kulia akauingiza ndani, hadi begani.

"Madam, ufunguo," nikamwambia.

"Najua ulipo."

Nikamwambia maandishi ni yake mwenyewe, ayasome. Hakugeuka. Nikamgeukia yule bwana. Alikuwa anauzungusha ufunguo kwenye vidole vyake, taratibu, huku akiutazama mgongo wa Madam.

"Kila Ijumaa namwambia akae nao," akasema. "Hataki. Kwa hiyo kila Ijumaa nasimama hapa nawaza."

"Unawaza nini?"

"Unajua."

Nilijua. Kati yangu na ile swichi kulikuwa na magunia, nisingewahi kufika. Nikafungua mdomo, nikaufunga, kama siku ile ya benchi. Kucha za Madam zilikuwa zinakwaruza chuma ndani mle, bila haraka, na mashudu yanadondoka kwenye beseni. Mshono wa bega la yule bwana, pale mkono wa shati ulipokunjwa na kufungwa pini, ulikuwa unapanda na kushuka kwa pumzi. Ufunguo ukaacha kuzunguka.

Madam akatoa mkono. Ulikuwa mzima, mweusi kwa mafuta hadi juu. Akafunga kifuniko, akajinyanyua kwa shida. Yule bwana akamsogelea, na kwa kuwa mikono ya Madam ilikuwa inateleza, akautumbukiza ufunguo mwenyewe kwenye mfuko wa gauni lake.

"Haya," akamwambia. "Umefufuka. Nenda nyumbani."